Nafasi Tupu kwenye Benchi: Tafakari Kuhusu Tunda na Ugonjwa wa Mpox





Katika kwaya yetu hapa Kindu, benchi la sauti ya tatu lilikuwa na watu saba. Jumapili moja ya mwezi wa Oktoba 2024 tuliketi watu sita upande mmoja na mtu mmoja upande wa pili, na katikati yetu palibaki nafasi ambayo ingewatosha watu wawili. Hakuna aliyetoa amri. Tulisogea tu, mmoja baada ya mwingine, tukijifanya tunatafuta ukurasa wa wimbo. Aliyebaki peke yake alikuwa mwenzetu ambaye wazazi wake wanaishi upande wa Tunda. Alikuwa amekwenda kwao likizo akiwa mzima, akarudi amechelewa shule, mwenye makovu usoni na mikononi. Ulipofika wakati wa kutakiana amani, sisi sita tulipeana mikono kwa furaha kama kawaida, kisha tukamwinamia yeye vichwa kwa mbali. Naye akatuinamia. Jumapili iliyofuata hakuja.

Tunaiandika tafakari hii kwa sababu ya nafasi ile. Hatuiandiki kama walimu wenu, bali kama watu waliokosa.

Maneno yalikuwa yametangulia kufika kabla yake. Wengine walisema amelogwa. Wengine walisema amekula nyama ambayo ni mwiko kwa ukoo wake, na kwamba wahenga wamemwandika adhabu hiyo mwilini. Wengine walisema ugonjwa huo wanao nyani tu, kwa hiyo mtu anayeupata lazima amefanya jambo lisilosemeka huko msituni. Sisi tulisikiliza yote hayo kwa hamu. Tangu utoto tumelelewa na hadithi za ajabu: mamba wa Lualaba ambaye si mamba bali ametumwa na mtu, sauti inayoita jina lako usiku usiitikie, mahali msituni ambapo mtu hapaswi kupita akiwa peke yake. Hadithi hizo ni tamu ukiwa umeketi karibu na moto na mama yako yuko jikoni. Lakini siku hadithi ya namna hiyo inapopewa sura ya jirani yako, huacha kuwa hadithi na kuwa jiwe mkononi mwa anayeisimulia.

Aliyetutoa katika giza hilo alikuwa mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo, muuguzi aliyekwisha kustaafu. Baada ya Misa ya Jumapili ile ya pili alitukuta tumesimama nje ya kanisa, akauliza, “Wana wangu, mwenzenu yuko wapi?” Tulinyamaza. Mmoja wetu akajibu, “Mama, tunaogopa ugonjwa wake.” Akasema, “Ugonjwa upi? Mtoto yule amepona. Magamba yote yamekwisha kudondoka na ngozi mpya imeota. Aliye hivyo hamwambukizi mtu tena. Ninyi hamkuogopa ugonjwa, mliogopa makovu.” Kisha akatualika nyumbani kwake jioni ile, na tukaketi kwenye mkeka kusikiliza mambo ambayo tulipaswa kuyajua kabla ya kusogea kwenye benchi.

Alituambia kwamba ugonjwa huo huitwa mpox, na kwamba virusi vyake ni ndugu wa virusi vya ndui. Huanza kwa homa, maumivu ya kichwa, ya mgongo na ya misuli, na uchovu mkubwa. Mara nyingi tezi za shingoni, kwapani au kwenye kinena huvimba. Ndipo upele hutokea, mara nyingi usoni, mikononi, hata viganjani na kwenye nyayo. Upele huo huvimba, hujaa maji, kisha usaha, na mwishowe hukauka na kuwa magamba. Kwa kawaida safari hiyo yote huchukua wiki mbili hadi nne. Wengi hupona, lakini watoto wadogo, wanawake wajawazito na watu wenye kinga dhaifu wako katika hatari kubwa zaidi. Huambukizwa kwa kugusana na ngozi ya mgonjwa, kwa kulala naye kitanda kimoja, kwa kujamiiana, kwa kutumia nguo na mashuka yake, na kwa kushika au kuchuna mnyama mwenye virusi. Katika orodha yake yote hatukusikia neno uchawi.

Alitufundisha pia kwamba hata jina la zamani, ndui ya nyani, lilikuwa la kuonea. Virusi hivi vilitambuliwa mwaka 1958 katika maabara ya Copenhagen, nchini Denmark, kati ya nyani waliokuwa wamesafirishwa kwa ajili ya utafiti, na kwa sababu hiyo nyani wakabandikwa ugonjwa huo. Lakini nyani huugua kama sisi tunavyougua. Wao si chanzo chake. Wataalamu huwashuku zaidi wanyama wadogo wa msituni, kama kindi na panya wa porini. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa miongoni mwa wanadamu alipatikana katika nchi yetu hii, huko Basankusu katika jimbo la Equateur, mwaka 1970. Alikuwa mtoto wa miezi 9, na katika familia yake ni yeye peke yake aliyekuwa hajachanjwa dhidi ya ndui. Tarehe 28 Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza jina jipya, mpox, kwa sababu jina la zamani lilikuwa linawatweza watu. Tulipolisikia hilo tuliona aibu. Hata wakuu wa afya ulimwenguni walikubali kwamba jina linaweza kumjeruhi mtu, nasi tulikuwa na majina matatu kwa ajili ya mwenzetu mmoja.

Kisha mama yule akakunja mkono wa gauni lake na kutuonyesha kovu dogo la mviringo karibu na bega. “Tazameni kwa babu na bibi zenu,” akasema, “mtaliona hili.” Ni kovu la chanjo ya ndui. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu, akaugua, akapona, na baadaye akatumia miaka ya maisha yake kuwahimiza wazazi wa Somalia wawachanje watoto wao dhidi ya polio. Mwaka 1980 ulimwengu ulitangaziwa kwamba ndui imekwisha, na chanjo yake ikaachwa. Chanjo hiyo ilikuwa ikiwakinga watu pia, kwa kiasi kikubwa, dhidi ya mpox. Ndiyo maana wazee wetu wana ngao ambayo sisi hatuna. Usiku ule tulitazamana mikono yetu laini, isiyo na kovu, tukatambua kwamba ugonjwa tuliodhani ni wa mtu mmoja ungeweza kumpata yeyote kati yetu.

Na sasa tuje Tunda yenyewe, maana hapo ndipo lilipo jambo tunalotaka mlibebe moyoni.

Tunda iko katika eneo la Kibombo, magharibi ya mto Lualaba, upande wa jimbo letu la Maniema unaoelekea Sankuru. Kwa wengi wetu wa Kindu, Tunda ni kule mbali, mahali pa msitu na barabara za tope. Hospitali yake kuu ni matunda ya utume wa ndugu zetu Wametodisti, na tunalitaja hilo kwa shukrani, kwa sababu mgonjwa anayebebwa usiku haulizi ni kanisa gani lililojenga ukuta atakaoegemea. Mwaka 2022, wakati mpox ilipokuwa imekwisha kufika Ulaya na Marekani na kwa hiyo kuzungumzwa na kila mtu, hospitali hiyo ya Tunda pamoja na ile ya Kole katika Sankuru zilichaguliwa kwa utafiti mkubwa wa dawa. Taasisi yetu ya utafiti ya Kinshasa, INRB, inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, ilishirikiana na taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia magonjwa ya kuambukiza. Dawa iliyojaribiwa huitwa tekovirimati. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya ndui, na watu walitumaini kwamba ingefaa pia kwa mpox.

Utafiti ulifanyika hivi. Watu 597 waliothibitishwa kuwa na mpox, wakubwa kwa watoto, walikubali au wazazi wao walikubali washiriki. Kwa bahati nasibu, baadhi yao walipewa dawa, na wengine walipewa kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Ndivyo wataalamu wanavyopima kama dawa inafanya kazi kweli au inasifiwa bure. Lakini kwa jambo moja hapakuwa na bahati nasibu: kila mmoja, bila ubaguzi, alilazwa kwa siku zisizopungua 14. Kila mmoja alipewa chakula na maji ya kutosha, alitibiwa maambukizo mengine yaliyoingia kwenye vidonda, na aliangaliwa kwa karibu mpaka ngozi yake ilipopona.

Matokeo yalitangazwa Agosti 2024, wiki ileile ambayo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa kwa mara ya pili. Kwa waliotarajia muujiza wa kidonge, habari ilikuwa ya huzuni: dawa haikufupisha muda wa vidonda. Waliomeza dawa na waliomeza kidonge kitupu walipona kwa mwendo uleule. Lakini ndani ya habari hiyo ya huzuni palikuwa na habari nyingine. Nchini kote, kati ya wagonjwa wote walioripotiwa, waliofariki walikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Katika utafiti huu, Tunda na Kole, waliofariki walikuwa asilimia 1.7, wawe walipewa dawa au hawakupewa. Wataalamu wenyewe walieleza maana yake: mgonjwa wa mpox anapolazwa na kuhudumiwa vizuri, nafasi yake ya kuishi huwa kubwa zaidi.

Someni tena kwa utulivu. Kidonge kipya kilishindwa. Kilichosaidia kilikuwa maji, chakula, kuoshwa vidonda, dawa za kawaida zinazotolewa kwa wakati, na macho ya mtu anayerudi kila asubuhi kukutazama. Mambo hayo hayakuvumbuliwa mwaka 2022. Bibi zetu waliyajua. Msamaria wa Injili aliyajua, naye hakuwa na kidonge chochote. Alikuwa na mafuta, divai, kitambaa, na nia ya kusimama.

Hatusemi haya ili kudharau dawa. Katika nchi hiihii tumeona dawa zikishinda. Mwaka 1995 Ebola iliposhika Kikwit, masista sita wa shirika la Masista wa Maskini wa Bergamo walikufa mmoja baada ya mwingine, kwa sababu waliwauguza wagonjwa, kisha wakauguzana wao kwa wao. Kutoka katika damu ya mtu mmoja aliyepona Ebola ile ya Kikwit, wanasayansi walipata chembe za kinga ambazo baadaye zilifanywa kuwa dawa. Dawa hiyo ilijaribiwa katika mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia mwaka 2018, na ikaokoa maisha. Je, mnajua utafiti ule ulipewa jina gani? Uliitwa kwa Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Utafiti wa Tunda ni mtoto wa familia hiyohiyo na ulibeba jina hilohilo. Mara ya kwanza dawa ilishinda; mara ya pili dawa ilishindwa na huduma ikashinda. Mara zote mbili neno la kwanza la jina lilibaki kuwa kweli: pamoja.

Nasi, waimbaji wa sauti ya tatu, tulikuwa tumelikana neno hilo kwa kusogea hatua chache tu kwenye benchi.

Tulikwenda kumwona mwenzetu siku ya Jumatano, nyumbani kwa shangazi yake. Tulikuwa tumepanga maneno mazuri ya kuomba msamaha, na tulimchagua mmoja wetu ayaseme. Shangazi alitukaribisha, akatuletea viti, akamwita. Alipotoka, msemaji wetu alianza, kisha akakwama. Ilibidi yeye mwenyewe atusaidie kwa kuanza kusimulia. Alisema kwamba siku za kwanza, kule kijijini, aliwekwa katika kibanda nyuma ya nyumba na chakula kikiachwa mlangoni, kwa sababu watu walikuwa na hofu. Baba yake ndiye aliyembeba kwa baiskeli mpaka hospitalini. Huko kulikuwa na muuguzi aliyekuja kila asubuhi amevaa glavu na barakoa, akamwosha vidonda, na kabla ya kuanza humsalimu kwa jina lake. “Sikuona uso wake hata siku moja,” alisema. “Nilimjua kwa sauti. Nikawa naingoja asubuhi.” Halafu akanyamaza kidogo, akasema, “Ninyi niliwajua wote kwa sura, na mlikaa mbali.”

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba msamaha kwa maneno machache, bila yale tuliyoyapanga. Alisema ametusamehe, lakini kwenye kwaya hakurudi mara moja. Zilipita Jumapili nne. Tunazitaja hizo nne kwa sababu tungependa kuwaambia kwamba alirudi wiki ileile, na isingekuwa kweli. Msamaha ulitolewa siku moja. Imani ilichukua muda mrefu zaidi kupona, kama ngozi. Aliporudi aliketi katikati yetu. Ilikuwa ni lazima tubanane.

Kuna jambo la kuangalia hapa, wapendwa, ili mtu asitusome vibaya. Kusogea karibu na mgonjwa si kujitupa katika hatari bila akili. Muuguzi yule wa Tunda alivaa glavu. Masista wa Kikwit walikufa, nasi tunawaheshimu, lakini walioishi ili kuwauguza wengine nao walitimiza mapenzi ya Mungu. Kwa hiyo, ukimwona mwenzako ana homa na upele usioueleweka, msaidie afike kituo cha afya mapema, kabla ya kwenda kwa mpiga ramli. Usimguse vidonda kwa mikono mitupu. Nawa kwa sabuni. Nguo na mashuka yake yafuliwe peke yake. Mnyama aliyekutwa amekufa msituni asiokotwe na kuliwa, na nyama ya porini ipikwe mpaka iive kabisa. Chanjo ikifika kwenu, kama ilivyoanza kutolewa Goma tarehe 5 Oktoba 2024, sikilizeni wahudumu wa afya kuliko uvumi wa sokoni. Aliyetengwa kwa ajili ya matibabu apelekewe chakula, apelekewe salamu, aitwe kwa jina lake kutoka mlangoni. Kutengwa kwa wiki chache ni tiba. Kutengwa baada ya kupona ni dhambi yetu.

Mwaka 2023 peke yake, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo watu zaidi ya 14,000 walishukiwa kuwa na mpox, na zaidi ya 600 walifariki, wengi wao watoto. Wengine miongoni mwao walifika hospitalini wakiwa wamechelewa. Hatuwezi kujua ni wangapi walifichwa nyumbani kwa sababu ya maneno kama yale tuliyoyasikiliza kwa hamu. Tunajua tu kwamba mzazi anayeogopa kuitwa mchawi hawezi kumpakia mtoto kwenye baiskeli mchana kweupe. Kwa hiyo, anayesambaza hadithi hiyo, hata kama anacheka, anairefusha barabara ya kwenda hospitalini.

Mambo ya ajabu yataendelea kuwapo, na si vibaya kuyastaajabia. Msitu wetu ni mkubwa na Mungu hajatuonyesha vyote alivyoviumba. Lakini ugonjwa wa mtu si kitu cha kustaajabia kwa mbali. Injili inatusimulia kwamba mkoma alipomjia Bwana wetu, Bwana alinyosha mkono kabla ya kuuliza historia yake. Sisi tulikuwa na mkono, tulikuwa na wimbo, tulikuwa na wakati wa amani, na tukainamisha vichwa.

Tunawaomba mjadili maswali haya katika kikundi chenu:

1. Ni nani katika parokia au mtaa wetu ambaye tumemwachia nafasi tupu, na ni maneno gani yaliyotufanya tusogee?

2. Tunajua nini kwa hakika kuhusu ugonjwa au hali yake, na ni nani tunayeweza kumwuliza ili tujue?

3. Wiki hii, kabla ya Jumapili, ni nani kati yetu atakwenda kumtembelea, naye atampelekea nini?

Ee Bwana, utujalie akili ya kunawa mikono yetu, na moyo wa kuinyosha. Amina.